Mapishi Mapya kwa Hela Ileile ya Mboga

Mtu anayetaka kujaribu pishi jipya nyumbani kwa kawaida huanza kwa kusoma orodha ya viungo, akajumlisha bei kichwani, kisha akaamua kama ataliweza au ataliacha. Nimeipikia familia ya watu watano jijini Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kuona kwamba hesabu hiyo ina upungufu. Kiungo kikuu cha pishi, kiwe mchele, maharage, ndizi au samaki, mara chache ndicho kinachovuruga bajeti, kwa sababu tungekula kitu cha namna hiyo hata kama pishi jipya lisingekuwapo. Vinavyovuruga ni vitu viwili ambavyo orodha ya viungo haivionyeshi. Cha kwanza ni vikorokoro vinavyonunuliwa kwa ajili ya pishi hilo peke yake, vikatumika kijiko kimoja, halafu vikakaa kabatini hadi vikaharibika. Cha pili ni moto.

Mapishi mengi tunayoyaona kwenye simu yametungwa na watu wenye jokofu lililojaa na oveni ya umeme, na mwandishi anapotaja kijiko cha sosi ya soya au robo kikombe cha krimu hafikirii kwamba msomaji wake atalazimika kununua chupa nzima na pakiti nzima. Duka la Mangi hapa mtaani litakupimia mafuta, sukari na unga, na ukimwomba vizuri litakukatia hata nusu ya kipande cha sabuni, ila jibini halipimwi. Hivyo pishi lililoandikwa kuwa la gharama nafuu huishia kula hela ya mboga ya siku mbili, na chupa iliyobaki hukaa kabatini mpaka siku ya usafi mkubwa.

Kwa sababu hiyo niliacha zamani kutafuta mapishi mapya mbali. Nayatafuta sokoni, kwa watu waliotoka mikoa mingine. Nimekulia Songea, kwenye ugali, maharage, mboga za majani na dagaa wa Ziwa Nyasa, kwa hiyo sehemu kubwa ya vyakula vya Watanzania wenzangu ilikuwa ngeni kwangu, na sijui mahali nchini panapokusanya vyakula hivyo kuliko Dar es Salaam. Soko la Mabibo, ambalo wengi tunaliita Mahakama ya Ndizi, hupokea ndizi kutoka Kilimanjaro na Mbeya. Kariakoo na Buguruni utapata dagaa wa Kigoma na wa Mwanza, mchele wa Kyela, mawese, papa mkavu, na mlenda wa unga kutoka Dodoma, wakati mwingine ndani ya hatua chache tu. Pishi linalotoka kwa wauzaji wa vitu hivi lina faida ambayo la kwenye simu halina: limekwisha kupita mikononi mwa vizazi vya wapishi ambao hawakuwa na hela wala kuni za kupoteza. Kisichokuwa cha lazima kilishaachwa njiani. Kilichobaki ni kile ambacho bila hicho chakula hakiivi au hakina ladha.

Mbaazi za nazi ni mfano mzuri. Watu wa pwani, tangu Mombasa hadi Unguja na huku Dar es Salaam, huzila asubuhi kwa mahamri, maandazi au chapati, na nyumbani kwangu sasa zimechukua nafasi ya mayai kwenye kifungua kinywa cha Jumapili. Mbaazi kavu hulowekwa usiku kucha, zikachemshwa hadi zikaiva kabisa bila chumvi, kisha zikaungwa kwa tui. Hapo ndipo nazi moja inapoonyesha thamani yake. Nazi ikishakunwa, maji kidogo ya vuguvugu hutoa tui zito, ambalo nalitenga pembeni. Maji ya mara ya pili na ya tatu hutoa tui jepesi, ambalo ndilo linalopikia mbaazi pamoja na kitunguu, pilipili nzima isiyopasuliwa na bizari ya manjano kidogo. Tui zito linaingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, na mwiko hauruhusiwi kutulia mpaka lichemke, kwa sababu tui likiachwa hukatika na mafuta yakaelea peke yake juu. Machicha yanayobaki nampa jirani anayefuga kuku, naye mara kwa mara hunirudishia mayai mawili matatu, ambayo yana kazi yake kwenye pishi nitakalolieleza baadaye.

Bei ya mbaazi ina historia yake. Kwa miaka mingi mbaazi za Lindi, Mtwara na Babati zimekuwa zikilimwa hasa kwa ajili ya soko la India, na mwaka 2017 serikali ya India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, bei huku kwetu iliporomoka na wakulima wakabaki na magunia. Mimi mlaji nilikuwa upande wa pili wa hasara hiyo, maana mbaazi zilikuwa rahisi sokoni kuliko nilivyowahi kuziona. Hadi leo, ninapoona mbaazi zimeshuka bei, nanunua sado nzima, nazikausha tena juani na kuziweka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana ili fukusi wasizifikie. Kwa hela ya kilo moja ya nyama ya ng'ombe napata kilo kama tatu za jamii ya kunde, wakati mwingine zaidi, na hiyo ndiyo sababu mapishi mengi ninayoyajaribu huanzia kwenye ndoo hiyo.

Kuhusu moto nitasema kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo wapishi wengi tunapopoteza fedha bila kuona zinapotokea. Maharage makavu yasiyolowekwa, hasa yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu, yanaweza kuchukua saa tatu jikoni na bado yakawa na kiini kigumu. Ukipika hivyo kwa mtungi wa gesi wa kilo sita, pishi la maharage ya hela kidogo linakuwa limekula gesi ambayo ingepikia mboga za majani wiki nzima. Kuloweka tangu usiku kunapunguza muda huo kwa kiasi kikubwa, na hakuna gharama yoyote zaidi ya kukumbuka. Wapo wanaotia magadi ili maharage yaive upesi, na ni kweli yanaiva upesi, ila magadi huharibu vitamini B1 iliyomo, kwa hiyo mimi nayatumia tu pale pishi lenyewe linapoyadai.

Njia ninayoitegemea zaidi ni ya blanketi. Maharage yaliyolowekwa nayachemsha kwa nguvu kwa nusu saa, nafunika sufuria vizuri, nazima jiko, kisha naizungushia sufuria blanketi kuukuu na kuiingiza ndani ya kapu lililojazwa matambara. Joto lililomo linaendelea kuyaivisha kwa saa kadhaa huku mimi nikiwa kazini, na jioni yanahitaji mchemko wa pili mfupi tu. Hapa kuna jambo la usalama ambalo sitaki mtu alipite haraka: maharage mekundu yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali wa angalau dakika kumi, na joto la vuguvugu peke yake haliiondoi, kwa hiyo nusu saa ile ya mwanzo haifupishwi hata kama gesi inaelekea kwisha. Mwenye presha kuka amekwisha kupona, kwa sababu maji yaliyomo ndani yake hufika karibu nyuzi 120 badala ya 100, na maharage yaliyolowekwa huiva kabla hujamaliza kukatakata vitunguu. Nilinunua yangu iliyotumika, nikabadilisha ule mpira wa mfuniko, na sijanunua chombo kingine cha jikoni kilichorudisha fedha yake mapema kiasi hicho.

Maharage ya mchemko mmoja nayagawa. Sehemu huungwa kwa nazi siku hiyohiyo, sehemu huwekwa kwenye friji, na hiyo ya friji ndiyo ya majaribio, kwa kuwa gharama kubwa ya moto imekwisha kulipwa. Kutokana na akiba hiyo nilijifunza kiburu cha Wachaga, ambacho ni ndizi mbichi na maharage vinavyopikwa pamoja na kupondwa. Nilijifunza pia kuyaponda maharage na kitunguu, pilipili manga na giligilani, nikayafinyanga, nikayapitisha kwenye unga wa ngano uliokorogwa na maji na kuyakaanga kama katlesi, ambazo watoto huzibeba shuleni. Makande nayo, mahindi yaliyokobolewa na maharage, yanaingia hapa. Watu wengi huyachukulia makande kuwa chakula cha shida, wakati lishe yake ni ya busara: mahindi yana upungufu wa laisini, kimojawapo cha vijenzi vya protini, ambacho maharage yanacho kwa wingi, na vikiliwa pamoja kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Mimi naongeza karanga zilizotwangwa na majani ya maboga dakika za mwisho, jambo ambalo rafiki yangu Mpare aliliangalia kwa huzuni ya wazi, akala, akaomba tena, na akakataa kulizungumzia.

Mlenda ulinichukua muda. Yupo bibi mmoja anayeuza mlenda wa unga, ambao ni majani yaliyokaushwa na kutwangwa, kwenye vifuko vidogo vilivyofungwa fundo, na siku niliyosimama kwake alinimwagia kidogo kiganjani ili ninuse. Ulikuwa na harufu ya nyasi zilizoanikwa, na rangi yake ilikuwa kati ya kijani na udongo. Nilimuuliza unapikwaje.

"Maji yachemke kwanza, mwanangu, na magadi kidogo tu, ncha ya kijiko," alisema. "Unanyunyizia huku unakoroga. Usiumimine wote kwa pamoja, utafanya madonge. Na usiondoke hapo jikoni kwenda kuangalia tamthilia."

"Karanga naweka lini, bibi?"

"Mlenda ukishavuta. Karanga mbichi ulizotwanga, siyo za kukaanga. Halafu ugali wake ni wa uwele. Ukiupikia sembe utakula, ila hutaujua."

Aliyoyasema yote yalikuwa sahihi, na pishi zima lilichukua dakika zisizozidi kumi na tano tangu kuwasha jiko, muda ambao kwa mchicha ungekuwa bado unachambua. Watoto walikataa utelezi wake usiku wa kwanza. Kilichowageuza ni ugali wenyewe wa uwele, ambao ni mkavu na mzito kiasi kwamba bila mlenda haushuki vizuri, na hapo nikaelewa kwa nini watu wa Dodoma hawavitenganishi. Unga wa uwele naununua kidogokidogo, kwa sababu una mafuta ya asili yanayoufanya uchache haraka baada ya kusagwa.

Dagaa ni eneo ambalo kila mkoa wa ziwa una hakika kwamba wengine hawajui kupika. Wa Kigoma, wanaovuliwa Ziwa Tanganyika, ni ghali kuliko wa Mwanza, na kwa mfuko wangu tofauti hiyo ni kubwa ya kutosha kunifanya niwe mlaji wa dagaa wa Mwanza siku za kawaida. Kasoro yao inafahamika: wengi bado huanikwa mchangani, na mchanga huo unakuja nao hadi kwenye meno. Dawa yake ni uvumilivu. Nawaondoa vichwa, ambavyo vina uchungu, nawaosha kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa, kila mara nikiwanyanyua kwa mikono kutoka kwenye beseni badala ya kumwaga maji wakiwa ndani, kwa kuwa mchanga hukaa chini. Nikimwaga kwa pamoja, mchanga unarudi juu yao. Kisha nawakausha kwenye kikaango kisicho na mafuta mpaka waanze kulia wanapogongana.

Kutoka hapo, pishi lililokuwa jipya kwangu ni la Kigoma: vitunguu vingi na nyanya vinaungwa kwa mawese, dagaa wanaingia na pilipili, na chungu kinafunikwa kwa muda mfupi tu ili wasilainike sana. Mawese yana ladha yenye nguvu na rangi inayobaki kwenye vidole, na mtu asiyeyazoea anapaswa kuanza kwa kuchanganya nusu kwa nusu na mafuta ya alizeti. Yanauzwa ya kupima, kwa hiyo jaribio la kwanza lilinigharimu kiasi kisichostahili kutajwa. Vumbi na vipande vinavyobaki chini ya mfuko wa dagaa sivitupi. Navichekecha, navikaanga vikauke na kuvisaga, na unga huo kijiko kimoja kwenye mchicha au kisamvu unafanya kazi ambayo kwenye nyumba nyingi hufanywa na vile vidonge vya supu vilivyojaa chumvi.

Kisamvu nimekitaja, na kinadai tahadhari yake. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanaidi inayopungua kwa kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kwa hiyo hili ni pishi ambalo halina njia ya mkato. Sokoni kinauzwa kikiwa kimeshatwangwa, na ongezeko la bei kwa kazi hiyo ni dogo kuliko thamani ya mikono yangu.

Sasa nije kwenye mkate wa kumimina, ambao kati ya yote niliyojifunza ndio ninaoujali zaidi. Ni mkate wa mchele wa watu wa pwani na visiwani, na wengi wanaamini unataka mchele mzuri na oveni. Mimi naupika kwa chenga, zile punje zilizovunjika mashineni ambazo wauza mchele huzitenga kwenye gunia la peke yake na kuziuza kwa bei ya chini. Kwa kuwa mchele wenyewe unakwenda kusagwa, haijalishi kama punje ilikuwa nzima au nusu. Kinachojali ni umri wake, maana mchele uliokaa hutoa mkate mwepesi, na mchele mpya wa msimu huvuta maji vibaya na kuuacha mkate ukiwa na kamasi katikati. Chenga zina mawe madogo, kwa hiyo huchambuliwa kwenye ungo mahali penye mwanga, kazi ambayo nyumbani kwangu hufanywa na yule anayelalamika kwamba hana la kufanya.

Chenga huloweshwa usiku kucha, zikachujwa maji yote, kisha zikasagwa kwenye blenda kwa tui zito. Tui liwe la kuiwezesha blenda kuzunguka na si zaidi. Hapa ndipo mkate mwingi unapoharibikia, kwa sababu mchanganyiko mwepesi hauumuki. Nasaga mpaka nikiupikicha kati ya vidole viwili nisisikie chembe. Hamira, sukari na iliki zinaingia, bakuli linafunikwa na kuwekwa mahali penye joto, na Dar es Salaam haina upungufu wa mahali hapo. Ukishaumuka na kujaa vipovu, naongeza ute wa yai la jirani uliopigwa mpaka ukawa povu jeupe, nauchanganya taratibu, na kuumimina kwenye sufuria nzito iliyopakwa mafuta na kupashwa moto mapema. Sufuria isipokuwa na joto, mkate hushika chini.

Moto wake ndio unaonifurahisha. Tunapochoma au kupika kwa mkaa mchana, makaa yanayobaki huwa tunayaacha yafe yenyewe. Mkate wa kumimina unaokwa kwa makaa hayohayo: machache sana chini ya sufuria, mengi juu ya mfuniko wa bati, kwa sababu joto la juu ndilo linalopaka rangi na kuuvuta mkate upande juu, na la chini likizidi linaunguza kabla ya katikati kuiva. Dakika za kwanza hakuna kinachoonekana kutokea. Kisha harufu ya iliki inatoka, kingo zinaanza kujitenga na sufuria, na kijiti kikichomwa katikati kinatoka kikavu. Uso wake una rangi ya kahawia isiyolingana, yenye alama mahali makaa yalipokuwa mazito, na ukikatwa, ndani unaonekana umejaa matundu membamba yaliyosimama wima. Mkate mmoja unatutosha watano kwa chai ya asubuhi na kipande cha kubishania. Hesabu yake ni chenga, nusu nazi, sukari, hamira, iliki chache. Makaa yalikwisha kulipiwa na chakula cha mchana.

Iliki ndiyo kiungo ghali katika orodha hiyo, na viungo kwa ujumla vinastahili neno. Hununuliwa vizima, kwa sababu vilivyosagwa hupoteza harufu mapema, na ndani ya vilivyosagwa huwezi kujua kuna nini. Wanawake watatu wa nyumba yetu ya kupanga, mimi nikiwa mmoja wao, tunachangiana: mmoja akienda Kariakoo ananunua kwa kipimo kikubwa iliki, mdalasini, bizari nyembamba na pilipili manga, tukagawana kwenye vikopo. Kiasi kinachonifikia kinaisha kabla hakijachoka. Pia tunapashana habari za bei. Nyanya zinapopanda baada ya mvua, atakayeona nyanya masalo, yaani zile zilizoanza kuharibika, anawanunulia wenzake. Zinakatwa sehemu mbovu, zinachemshwa zikauke hadi ziwe nzito, na zinakaa kwenye friji siku kadhaa. Zikikosekana hata hizo, mchuzi wa samaki naupika kwa ukwaju, jambo nililolifanya mara ya kwanza kwa kubanwa na sasa nalifanya kwa kupenda.

Pishi geni kwangu haliwi chakula pekee mezani siku ya kwanza. Linapikwa nusu ya kipimo, pembeni ya chakula ambacho kila mtu anakijua, ili asiyelipenda ashibe na hela isiende jalalani. Nabadilisha kitu kimoja kwa wakati. Kama jana mbaazi ziliungwa kwa bizari na zikafana, leo nitabadilisha pilipili na kuiacha bizari palepale, vinginevyo sitajua ni kipi kilichosaidia. Vipimo naviandika kwenye daftari la shule kwa vyombo vyangu mwenyewe, yaani kikombe kile cha bati na kijiko kile cha mbao, maana kikombe cha mwandishi wa mapishi sikimiliki. Januari, ada za shule zinapoandamana na kodi ya nyumba, daftari hilo ndilo linaloamua tutakula nini, na huwa nashangaa jinsi kurasa zenye vyakula vya gharama ndogo zilivyo na madoa mengi ya mafuta kuliko nyingine.

Yapo niliyoyaacha. Piza ya nyumbani imeondolewa kwenye orodha, kwa sababu jibini yake pekee inalingana na chakula cha familia cha siku nzima, na piza isiyo na jibini ni chapati yenye nyanya, ambayo pia ni nzuri ila isiitwe jina lingine. Biriani nalila harusini, linakopikwa na watu wenye masufuria ya kazi hiyo.

Bokoboko limenishinda kwa upande wa moto tu. Ngano nzima hulowekwa, ikapikwa na nyama kwa saa nyingi, kisha vikasongwa pamoja mpaka nyuzi za nyama zikapotelea ndani ya ngano, na samli ikamiminwa juu. Ngano si ghali, na nyama kidogo inawatosha watu wengi, lakini mtungi wangu hauwezi kubeba saa hizo zote, na blanketi halisaidii kitu kinachotaka kusongwa kikiwa motoni. Wale wenzangu wawili tunaochangiana viungo ni watu wa Unguja, na hulipika kila Idi uani kwa kuni, kwenye sufuria moja kubwa. Mwaka huu nimeomba kuingia kwenye mchango wao: wao watatoa nyama na samli, mimi nitatoa ngano na kushika zamu ya kusonga kuanzia alfajiri.